Mkamburi, Injini Kubwa na Nyani wa Bura

BURA, Taita Taveta. Unga umemkaa kwenye nyusi na kope, na mgeni akimwona kwa mara ya kwanza humdhania ajuza. Siye. Mkamburi ana miaka thelathini na minane, na asubuhi hii, kabla umande haujakauka kwenye mboga za watu, amekwisha kusaga madebe kadhaa. Mkono wa kushoto unamimina mahindi, wa kulia umeshika mdomo wa gunia. Kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani kupitia ukutani.

Ghafla anainua kidole. Mama mmoja aliyekuwa akisimulia harusi ya Mwatate anakatiza maneno.

"Ngoja kwanza," Mkamburi anasema. "Inakohoa."

Hakuna mwingine aliyesikia kikohozi chochote. Anazunguka nyuma ya mashine, anakaza kitu kwa spana, anarudi mahali pake na kuendelea kumimina.

"Haya, malizia," anamwambia yule mama. "Bibi harusi alilia au hakulia?"

Hiki ni kisiagi cha mzee Timotheo, na Mkamburi ndiye mwendeshaji wake kwa mwaka wa saba sasa. Lakini kilichomleta mwandishi huyu mlimani, kwa barabara ambayo tangu mvua za El Nino imebaki mifupa mitupu, si kisiagi. Ni kitu kilichokaa juu ya rafu, kati ya mkebe wa grisi na mizani ya zamani.

Ni gari la rimoti. Pikapu ndogo, ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, matairi manene yaliyojaa udongo mwekundu. Boneti yake imekatwa tundu, na kwenye tundu hilo kimechomoza kichwa cha injini ambayo, hata kwa jicho la mtu asiyejua, ni kubwa kuliko gari lenyewe linavyostahili.

Wateja wageni humuuliza ni kichezeo cha mtoto gani.

"Cha mtoto?" huwajibu. "Huyo ni mfanyakazi mwenzangu."

Ili uelewe utani huo, sharti kwanza uwajue nyani wa Bura. Hushuka kutoka majabali yaliyo juu ya mashamba, kikosi kizima, akina mama na watoto mgongoni, na hawaibi kwa haya kama wezi wengine. Hukaa chini wakachagua. Na liko jambo moja ambalo mtu yeyote huku atakwambia, mkubwa kwa mdogo: nyani hamwogopi mwanamke.

"Mimi nikikohoa tu hapa barazani, wametoweka," anasema mzee Timotheo, na haoni vibaya kujisifu. "Mke wangu anawarushia mawe, ana shabaha kunishinda. Wanamtazama tu. Wakishiba ndio wanaondoka, tena kwa hatua za harusi."

Basi mwanamke mwenye shamba na mume hufanya kazi ya kulima na kupalilia, na mume au kijana wa kiume hulinda. Mjane je? Hapo ndipo penye kidonda.

Mume wa Mkamburi, Noah, alifariki miaka minne iliyopita kwa ugonjwa wa kifua. Alimwachia binti wawili, ambao sasa wako shule ya bweni, na shamba la ngazi sita zilizochongwa mlimani, linalopanda hadi chini ya majabali. Enzi za Noah walivuna magunia manane, mwaka mbaya matano. Mwaka wa kwanza baada ya mazishi, Mkamburi alivuna moja na nusu.

Alijaribu akili zote. Alivaa koti la Noah, suruali yake na kofia yake, akatembea kifua mbele kando ya mahindi huku akikohoa kwa sauti nzito. Wanawake wengine wa Bura hufanya hivyo pia, hakuna anayeona ajabu. Ilifaa kwa karibu mwezi mzima.

"Siku moja jua lilikuwa kali, nikavua kofia nijifute jasho," anasema, na kicheko kinamtoka pamoja na vumbi la unga. "Karani akaniona nywele. Wee! Aliniangalia hivi, kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwa bei ya ng'ombe. Tangu siku hiyo koti likawa nguo tu."

Karani ni dume mzee wa kikosi hicho, mwenye kovu puani. Alipewa jina hilo na jirani yake Mkamburi, Linet, kwa sababu hapiti hivi hivi shambani: hulifungua hindi, akalikagua, akalitupa, akafungua jingine, mfano wa karani wa serikali mbele ya karatasi zako.

Mwaka jana baada ya mavuno, kama yale ni mavuno, wazee wa ukoo waliketi. Aliyewaita ni Gibson, mdogo wake marehemu Noah. Msomaji asiharakishe kumchukia Gibson. Ni mtu mpole, ana watoto watano na kishamba cha mawe, na alichosema mbele ya wazee alikisema macho yameinama.

"Sikumfukuza shemeji yangu," anasema leo. "Nilisema ukweli ulivyo. Ardhi ya baba yetu ilikuwa inalisha nyani. Nikasema, msimu mmoja tena alime. Akishindwa, nilime mimi, nimpe sehemu yake kila mavuno."

Wazee wakaona ni haki. Msimu huo mmoja ulikuwa huu wa masika ya mwaka huu, 1998.

"Sehemu!" Neno hilo Mkamburi bado analitamka kama kitu kichungu alichokitafuna kwa bahati mbaya. "Yaani nibebe kikapu nikaombe mahindi kwenye shamba nililolilima miaka kumi na minane. Nife na njaa basi, nijue moja."

Lile gari halikununuliwa kwa ajili ya nyani. Noah alikuwa dereva wa wahandisi wa kigeni waliopima barabara huku chini tambarare, na mmoja wao alipoondoka alimwachia pikapu hiyo na makopo mawili ya mafuta yake ya nitro. Jumapili baada ya kanisa Noah alilikimbiza uwanjani. Watu walimcheka, mtu mzima na ndevu zake. Hakujali. Lilipovunjika tumbo, yaani chasisi yake, alilitia kiraka cha bati alichokikata kwenye kifuniko cha sufuria ya mkewe, bila kuomba ruhusa.

"Tulinuniana siku mbili kwa kile kifuniko," anasema Mkamburi.

Noah alipofariki, gari likawekwa chini ya kitanda, likafunikwa leso. Mwaka jana, siku ya kumbukumbu ya kifo chake, Mkamburi alilitoa uani. Hakuwa na haja nalo. Alitaka tu kuisikia sauti ile. Akatia mafuta, akaipasha moto plagi kwa betri kubwa ya tochi kama alivyomwona mumewe akifanya, akavuta kamba. Gari likapiga yowe.

Ngazi mbili juu, ndani ya mahindi ambako hakuwa hata amewaona, nyani waliruka kama waliomwagiwa maji ya moto.

"Nilikuwa nalia. Mara nikajikuta nacheka na machozi yangu usoni. Nikasema, Noah, kumbe bado unalinda."

Wazee walipompa ule msimu mmoja, basi, alijua pa kuanzia. Alifyeka njia nyembamba kutoka uani hadi kwenye majabali, akaisawazisha kwa jembe, na mahindi yalipoanza kubeba akawa anawapandishia gari kila wanaposhuka. Mambo yalikwenda vizuri. Lakini nyani si mjinga, na Karani ndiye mkuu wa wasio wajinga. Aligundua kwamba karibu na kilele, pale njia inaposimama kama ngazi ya kuezekea, gari lilikuwa likipungukiwa pumzi. Injini ilikuwa ndogo. Ilipanda ikinung'unika, ikafika pale, ikabaki inatetemeka.

Karani akahamishia ofisi yake hapo hapo, hatua mbili juu ya mteremko. Siku ya tatu akashuka, akanyoosha mkono, akalipindua gari chali. Magurudumu yakabaki yanazunguka hewani.

Linet alikuwa upande wa pili wa mpaka. "Nilicheka hadi nikakaa chini," anakiri. "Mungu anisamehe. Yule nyani alipangusa mkono!"

Mkamburi naye alicheka, lakini cha kwake kilikuwa kicheko cha mdomoni. Mahindi yalikuwa yameanza kujaa punje. Jioni ile Gibson alipita, akatazama mabua yaliyovunjwa, akasema kwa upole ule ule unaoumiza kuliko matusi, "Shemeji, basi. Hata kichezeo kimeshindwa."

Jumamosi iliyofuata Mkamburi aliuza mbuzi, akateremka Voi.

Duka la Mansur liko mtaa wa nyuma ya soko, na huuza vipuri vya pampu za maji, pikipiki na misumeno ya miti. Shemeji yake Idris, aliyeko Dubai, humtumia bidhaa kwa meli, na kila mara hukosi kukuta katikati ya vipuri kitu cha ajabu ambacho hakuna aliyekiagiza. Humo ndimo Noah alimokuwa akipata plagi. Mansur alimkumbuka.

"Inna lillahi," alisema. "Mumeo alikuwa mtu wa roho safi, bibie. Karibu ukae. Nambie, gari lina nini?"

Mkamburi akamweleza habari zote, za mteremko hadi za Karani. Mansur hakucheka, jambo ambalo Mkamburi hajalisahau. Aliingia ndani, akarudi na injini mbili, akaziweka juu ya gazeti.

Ya kwanza ilikuwa imezidi kidogo ile ya zamani. Matundu yake ya bolti yalilingana na ya gari, unafungua hii unafunga hii. Ya pili ilikaribia kuwa mara mbili yake, na kichwa chenye mapezi mapana ya kupoza joto.

"Mimi ningekuuzia hii kubwa, nipate faida zaidi," alisema Mansur. "Lakini sitaki unilaani. Hii ukiitia kwenye gari lako itabidi ukate chasisi. Itakula gia. Itakula klachi. Chukua ndogo, dada yangu. Itakwenda mbio, wallahi utaipenda."

"Sitaki mbio," Mkamburi alijibu. "Nyani hashindwi kwa mbio. Nataka uniambie, pale mlimani, ikibanwa, ipi haitashusha sauti?"

Mansur alijikuna ndevu. Alikuwa ametoka tu kumkanya. Kisha akaisukuma mbele ile kubwa kwa kidole kimoja.

"Basi ndiyo hiyo," alisema Mkamburi. "Kisiagi kidogo kikizidiwa, huzima na mahindi mdomoni. Nimeona mara nyingi."

Mansur alimchanganyia na mafuta. Mafuta ya nitro ya kopo yalikuwa yamebaki kidogo dukani, na Mansur alikuwa akiyaongezea mwenyewe kwa spiriti ya Mombasa na mafuta ya mbarika yanayolainisha injini. Mbarika ile hutoka kwa mama yake, Bi Mwanaesha, ambaye huwakamulia wazazi wa mtaa mzima kwa ajili ya kuwakanda watoto wachanga. Alitokea nyuma ya pazia la ndani kuja kumwona huyo mwanamke wa injini.

"Mwanangu, hiyo spiriti ni sumu," alimwonya kabla hata ya salamu kwisha. "Mtu akiinywa akidhani ni pombe, macho yanakwenda, na roho inafuata. Ifungie kama unavyofunga dhahabu."

Mkamburi huifungia kwenye kasha la chuma la kisiagi, na funguo huzifunga kwenye pindo la leso.

Kazi ya kuifunga injini aliifanya mwenyewe, mchana, kwenye jiriwa la mzee Timotheo la kubania vyuma, nyakati ambazo hakuna wateja. Kuitoa ya zamani ilikuwa rahisi. Kuiweka mpya ndiko kulikokuwa na neno. Ilikuwa pana, gurudumu zito linalozunguka nyuma ya injini likigusa tumbo la gari, na hapakuwa na njia ila kupasua nafasi. Alichora kwa msumari mahali pa kukata. Alama ikapita katikati ya kile kiraka cha kifuniko cha sufuria.

Aliushika msumeno, akauweka chini. Akaenda kumsagia mtu uwele. Akarudi, akaushika tena.

"Nilimgombeza Noah kwa kukikata kifuniko changu," anasema taratibu. "Sasa mimi ndiye nakikata kiraka chake. Niliona kama namzika mara ya pili, nisikufiche."

Meno ya msumeno yalikuwa yamekwisha kuingia kwenye bati Gibson alipotokea mlangoni na gunia lake la mahindi. Alilibwaga.

"Shemeji! Hilo ni gari la ndugu yangu."

Mkamburi hakuinua kichwa. "Ndugu yako angekuwepo, angeshika upande ule msumeno usiteleze. Shika."

Gibson alilisogeza gunia kando. Halafu akapiga magoti kando ya jiriwa, akashika. Walikata hadi mwisho, na kipande cha kiraka kilipodondoka, Gibson ndiye aliyekiokota akakitia mfukoni. Mpaka leo hajakirudisha na Mkamburi hajakidai.

Baada ya hapo tupa ililainisha kingo, keekee ikatoboa matundu mapya. Upande wa gia Mkamburi hakuhitaji kufundishwa: kwenye kisiagi, puli ndogo ya mkanda juu ya injini huleta nguvu, kubwa huleta kasi. Alichagua gia ya klachi yenye meno machache. Ili meno yake na ya gia kubwa ya gari yasigusane sana wala yasiachane, alipitisha katikati ukanda wa karatasi ya pakiti ya unga, akakaza bolti, akauvuta ukanda. Ukatoka na mikunjo, haukuraruka. Sawasawa.

Injini mpya ilikuwa ngumu. Ukiizungusha, pistoni ilibana juu kabisa kama iliyokwama. Mansur alikuwa amemwonya asiilazimishe wala asiiguse na msasa, maana ni upya tu na itajilegeza yenyewe ikipata moto. Ikabidi ipewe muda: gari juu ya matofali, mafuta mengi, mwendo wa pole, izime, ipoe, iwashwe tena.

Nyani hawakungoja. Kila siku ile injini ikinguruma pole pole juu ya matofali, Karani na jamaa zake walikuwa ngazi ya juu wakikagua.

"Wanakula, nawe unaota moto wa kichezeo," Gibson alimwambia, na safari hii upole ulikuwa umempungukia.

"Jiwe jipya la kisiagi tunalilisha nini kwanza?" Mkamburi alimuuliza. "Pumba. Ukilipa mahindi siku ya kwanza, watu watakula changarawe. Ningoje."

Anasema hayo leo kwa kujiamini, lakini siku zile kila jioni alipanda kuhesabu mabua yaliyovunjwa. Alikuwa akikaa kando ya matofali katikati ya moshi, na moshi ule ulikuwa na harufu ya mbarika, harufu ya chumba cha mzazi, ya binti zake walipokuwa wadogo wakikandwa na bibi yao. Harufu hiyo ilimpa moyo. Hajui kwa nini.

Alifanya kosa moja, na ni kosa la mtu wa kisiagi. Pale hujaza pipa la dizeli asubuhi akalisahau hadi jioni. Aliwaza gia, akawaza klachi, akawaza joto. Tangi hakuliwaza. Akaliacha lile lile dogo la zamani, chini ya injini yenye kiu mara mbili.

Siku yenyewe ilikuja mahindi yakiwa yamekauka nusu. Mkamburi alikuwa kazini Linet alipofika mbio, leso imemfunguka.

"Mkamburi! Wameingia! Si hawa wa kila siku tu, ni ukoo mzima!"

Alichukua gari rafuni, akachukua rimoti, akakimbia. Koti la Noah alilokuwa akilivaa shambani, hata baada ya kugunduliwa, lilibaki nyumbani kwenye msumari. Alifika uani na leso yake kiunoni na unga wake usoni, akapiga magoti, plagi, kamba. Ikashika.

Wanawake wa mashamba ya jirani wanasema hawakuwahi kusikia sauti ile. Gari lilipanda njia likirusha udongo nyuma. Nyani wa ngazi za chini waliruka mpaka. Karani hakuruka. Alipanda mahali pake pa siku zote, juu ya mteremko, akakaa, akaweka mikono magotini.

Gari likaufikia mteremko. Mkamburi hakuwa akilitazama, anasema. Alikuwa akilisikiliza. Na sauti haikushuka.

Karani alichelewa kuelewa. Aliponyanyuka, pikapu ilikuwa miguuni pake. Alipiga kelele kama mtoto, akageuka, akakimbia kuelekea majabali, gari nyuma yake, kikosi kizima kikamfuata. Linet akapiga vigelegele. Sauti ya injini ikapanda, ikawa kali na nyembamba, na Linet akaongeza vigelegele akidhani ndio ushindi.

"Mimi nilijua," anasema Mkamburi. "Injini ya namna hii ikikaukiwa hupandisha sauti kwanza. Nikasema, ole wangu, tangi."

Kimya. Gari lilizima chini ya majabali, katikati ya nyani. Mmoja alisimama. Wa pili akasimama. Kisha Karani akageuka, akaanza kurudi, polepole, mkono umetangulia.

Hapo Gibson alikuwa akipandisha njia ya migombani na fimbo yake, bado hajaonekana. Anasema alitaka kupiga kelele. Angepiga, nyani wangekimbia, na gari lingepona. Lakini hadithi ingebaki ile ile ya siku zote, kwamba mwanamume ametokea.

Hakuwahi. Mkamburi alikuwa amekwisha kuanza kupanda.

"Nilikuwa na hasira," anasema. "Hofu nilikuwa nayo pia, tena nyingi. Lakini niliwaza, nimeuza mbuzi, nimekata kiraka cha mume wangu, halafu huyu anipindulie tena? Hapana. Atanipindua mimi kwanza."

Alipanda ngazi zote sita, rimoti mkononi, antena ndefu imesimama juu. Karani alikuwa amebakiza hatua chache. Akaliangalia gari. Akaiangalia ile antena. Akamwangalia mwanamke, uso kwa uso, mwanamke mwenye leso na kichwa wazi, yule yule aliyemdharau misimu yote.

Kisha akageuka akaenda zake. Hakukimbia. Alikwenda upesi kidogo, kama mtu aliyekumbuka shughuli mahali pengine, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja hadi majabali yakawameza. Mkamburi aliliokota gari lake. Bado lilikuwa la moto, likamuunguza vidole. Akaketi chini akalia sana, na haoni aibu kusema.

Ubishi juu ya siku hiyo haujaisha. Linet anashikilia kuwa Karani aliogopa uso mweupe kwa unga, akadhani ni zimwi. Mzee Timotheo anasema ni antena, nyani aliiona bunduki. Mkamburi aliamua kuwanyamazisha. Siku iliyofuata alikwenda amenawa uso, bila gari, na rimoti tu. Nyani wakaondoka. Siku nyingine akaiacha hata rimoti. Alisimama ukingoni mwa mahindi, mikono mitupu, akaita, "Karani!"

Wakaondoka.

Alivuna magunia sita. Gibson ndiye aliyeyashona midomo, na wazee wa ukoo walipoketi tena, hakungoja kuulizwa.

"Nilisimama nikasema, shamba lina mlinzi. Nimemwona kwa macho yangu," anasema. "Sikuwa na la kuongeza."

Sasa Mansur ameahidi kumtafutia tangi kubwa kutoka kwa Idris, na Mkamburi ana mpango ambao haukuwa kichwani mwake alipokuwa akiuza mbuzi. Msimu ujao gari litazunguka kwenye mashamba ya wanawake wenzake, akianza na la Linet. Lakini hataliendesha yeye. Kila mwenye shamba atashika rimoti kwa mkono wake, na nguo zake za kawaida, hata kama ataliangusha mtaroni mara kumi.

"Gari litachakaa, hiyo injini nayo itachoka, chuma ni chuma," anasema huku akizima kisiagi na kujikung'uta unga. "Nataka nyani wazijue sura za hawa wanawake."

Nje, mahali pa mizigo, Gibson anamngoja na mkokoteni. Upepo wa mlimani ni wa baridi, na amevaa koti kubwa la kahawia, limechakaa viwikoni. Ni koti la Noah. Mkamburi mwenyewe ndiye aliyelitoa kwenye msumari akampa, siku ile walipomaliza kubeba gunia la mwisho.

"Alikataa mwanzoni," anasema. "Akaniambia, shemeji, utalindia nini? Nikamwambia, vaa tu. Huko shambani wananijua."